Mashine ya Risasi ya Mzee Mboje

Jua lilikuwa linazama nilipofika Mpui na pikipiki yangu, begi la spana mgongoni. Mzee Mboje alikuwa ameniita tena. Mashine yake ya kujazia risasi za shotgani, zile anazowapigia nguruwe pori wanaomaliza mahindi, ilikuwa imelegea. Tena! Na pini mpya nilimtilia mwenyewe juzi tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Enock. Safari hii si chuma." Akashusha sauti. "Kuna mtu anaivuta. Kila giza likiingia. Na stoo nimefunga."

Nikacheka. Sifichi, watu wa namna hii nawadharau. Ana ng'ombe wa kujaza bonde, lakini kopo moja la grisi linamshinda. Chuma kikilika, anasingizia majini. Ni wajinga kama yeye wanaofanya Sumbawanga yetu itajwe kwa uchawi tu.

Mwaka jana nilimwonya kwamba mashine imechakaa, risasi nyingine zinatoka bila baruti ya kutosha. Akanijibu zitafaa hivyo hivyo. Akampa mdogo wake, Masunga, akalinde shamba. Nguruwe alipomjia, bunduki ikagoma. Masunga akazikwa nyuma ya zizi, na Mboje akalia kuliko wote. Mnafiki.

Minza, mjane wa Masunga, alitumulikia kwa chemli, ameishika kwa mikono yote miwili. Stoo ilinuka baruti na… udongo mbichi. Kiangazi kile! Mvua tulishaisahau.

Nikachomoa pini. Kicheko kikaniishia.

Ilikuwa imelika kama iliyofanya kazi miaka na miaka. Tena upande mmoja tu, wa kushoto.

"Mzee, unavuta kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Masunga alikuwa anavuta kwa wa kushoto," Minza akanong'ona.

"Nyamaza wewe!" Mboje akamkata jicho.

"Acheni upuuzi," nikasema. "Kuna mtu ana ufunguo wa pili, basi." Nikaufungua mkono wa mashine, nikautia begini pamoja na pini. "Haya. Tuone huyo jini wako atavuta nini."

Tukatoka wote watatu. Mboje akafunga kufuli. Tukasimama uani, upepo wa Ufipa unauma masikio.

Krrr…

Tk.

Minza akageuza chemli kuelekea mlangoni.

Krrr… tk.

Taratibu. Bila papara. Kama mtu anayeijua kazi yake. Na mkono wa mashine ulikuwa mgongoni kwangu, nausikia uzito wake.

"Fungua, mzee," nikasema.

Mboje akautupa ufunguo chini, akakimbilia ndani. Mwanamume mzima!

Nikafungua mwenyewe. Hakukuwa na mtu. Mezani ilisimama risasi moja. Nilipoishika, ilikuwa na joto, kama imetoka kiganjani mwa mtu. Nikaipasua kwa kisu.

Udongo. Mweusi, mbichi.

Sikuaga.

Niliporudi kwetu Malangali niliwasimulia watu jinsi mzee alivyokimbia, lakini jinsi nilivyokimbia mimi nikaacha kusema. Habari ikafika Mpui, kijiji kizima kikamcheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomtoa nyumbani nguruwe waliporudi. Alitaka aonekane mwanamume. Akanunua risasi mpya dukani, akazitia mfukoni, akaingia kwenye mahindi peke yake.

Walimkuta asubuhi, paja limechanwa, damu imeisha. Ndani ya bunduki kulikuwa na risasi iliyojaa udongo.

Msibani watu walinong'ona uchawi, uchawi. Niliwatazama kwa dharau ile ile. Nilishajua. Nikamfuata Minza jikoni, anachochea moto.

"Ni wewe uliyebadilisha zile risasi," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Hakushtuka. Wala hakunitazama.

"Ni mimi," akasema. "Zile za dukani nilizitoa mfukoni mwake amelala, nikaweka nilizokuwa naziokota pale mezani."

Akasukuma kuni ndani.

"Lakini kujaza, fundi… kujaza mimi sijui."