Kisanduku Ndani ya Kabati la Chuma

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kidole alikuwa ameshafika shuleni. Si kwamba alipenda kuamka mapema. Mama yake alikuwa akimwita mara tatu na kumvuta blanketi mara mbili ndipo miguu yake iguse sakafu. Lakini tangu rafiki yake avunjike mguu, Kidole alikuwa na kazi darasani, na kazi hiyo aliionea fahari.

Jina la Kidole alipewa na bibi yake alipokuwa na umri wa miaka mitatu, kwa sababu hakuna swichi, kitufe wala kifuniko alichopita bila kukigusa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na jina lilikuwa limemganda. Rafiki yake naye aliitwa Jirani, kwa kuwa walikalia dawati moja tangu darasa la kwanza. Jirani alianguka na baiskeli akavunjika mguu. Daktari alimfunga plasta ngumu kuanzia kifundo hadi juu ya goti, akasema, “Wiki nane nyumbani, na mguu huu usitikiswetikiswe.”

Wiki nane ni nyingi kwa mtoto anayekaribia mtihani. Mwalimu wa darasa akapata wazo. Shule ilikuwa na vishikwambi viwili. Kimoja Jirani akaazimwa nyumbani, kingine kikawekwa juu ya meza ya mwalimu kikitazama ubao. Kila asubuhi Kidole alikisimamisha, akakifuta vumbi, akabonyeza kitufe cha kupiga, na uso wa Jirani ukatokea. Jirani aliona ubao, alisikia somo, na alinyoosha mkono akiwa kitandani. Mwalimu akigeuka kuandika, Jirani alitoa ulimi, na darasa zima likang’ata midomo kujizuia kucheka.

Jumatatu moja picha ikaanza kukwama. Mwalimu alikuwa akieleza kugawanya sehemu.

“Mwalimu, umeganda!” Jirani alipaza sauti. “Mkono uko juu, mdomo uko wazi!”

Watoto walicheka. Lakini picha iliganda tena, na tena, mpaka somo likaisha Jirani akiwa amesikia nusu tu.

Kidole alijua mtandao wa darasa lao ulitoka wapi. Kwenye korido, juu kabisa karibu na dari, kulikuwa na kisanduku cheupe, bapa kama sahani, chenye taa ndogo ya kijani. Waya mmoja ulikiunganisha na ofisi ya mwalimu mkuu, upande wa pili wa jengo. Kidole akawaza: kisanduku kiko nje, kishikwambi kiko ndani. Kikisogezwa karibu, picha itakuwa nzuri.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kufagia. Wenzake walipoondoka, alitoa dawati nje, akaweka kiti juu yake, akapanda. Alikishika kisanduku kwa mikono miwili, akakivuta. Kikasema *kach!* Kibanio cha plastiki kilichokishikilia ukutani kilikuwa kimekatika.

Moyo ulimruka. Hata hivyo taa ya kijani iliendelea kuwaka, na waya ulikuwa mrefu, umekunjwa juu ya dari. Alikipitisha kisanduku kwenye tundu la hewa juu ya mlango, akaingia darasani akakivuta upande wa pili. Sasa akiweke wapi? Mezani kila mtu angekiona na kuuliza kibanio kimekatwa na nani. Kando ya mlango kulikuwa na kabati la vitabu, kabati la chuma ambalo mlango wake ulibaki na upenyo kwa juu. Alikiingiza humo, nyuma ya vitabu vya ramani, akapitisha waya kwenye upenyo, akafunga. Alikagua mara ya mwisho. Taa iliwaka. Akaenda nyumbani.

Jumanne asubuhi uso wa Jirani ulitokea, ukakatikakatika vipande vipande, ukapotea. Kidole akapiga tena. Ukatokea, ukapotea. Mwalimu akaenda ofisini na simu yake, akarudi akitikisa kichwa.

“Ofisini mtandao uko sawa kabisa,” alisema. “Basi tatizo liko kwa kina Jirani. Nitampigia baba yake.”

Kidole alitazama kabati. Kwenye upenyo aliona mwanga mdogo wa kijani. “Taa inawaka,” alijiambia. “Basi si mimi.” Wakati wa mapumziko alitaka kukirudisha kisanduku, lakini korido ilijaa watu. Tena kibanio kilikuwa kimekatika, angekitundika vipi? Akasema kesho. Jumatano akasema kesho. Kila alipoiona ile taa, alijipa moyo, lakini moyo wenyewe haukutulia.

Alhamisi baada ya masomo alimpelekea Jirani daftari zake. Baba yake Jirani alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Kidole alipofungua mlango wa mbele nusura ajikwae kwenye kitanda. Kitanda cha Jirani kilikuwa sebuleni, kimebanwa kati ya mlango na dirisha, na mguu wa plasta umeegeshwa juu ya kochi.

“Mbona umehamia huku?” Kidole aliuliza.

“Baba alikifungua kitanda Jumanne akakifunga upya huku,” Jirani alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. “Mwalimu alisema mtandao wetu ndio mbovu. Baba amezunguka nyumba nzima na kishikwambi, hata juu ya bati amepanda. Akaona dirishani kuna nafuu. Lakini wapi! Na huku silali, kila anayeingia anaugonga mguu.”

Kidole alikaa ukingoni mwa kochi.

“Kesho ananipeleka kwa shangazi,” Jirani aliendelea. “Kule mtandao ni mzuri. Nitakaa mpaka plasta itolewe. Njia yenyewe mashimo matupu, lakini baba anasema ataendesha polepole.”

“Daktari si alisema mguu usitikisike?”

“Sasa nifanye nini? Siku tatu sijasoma. Wenzangu mtaniacha.”

Hapo ndipo Kidole alipopaswa kusema. Alifungua mdomo, akatoa daftari, akasema, “Hizi hapa za hesabu.” Kisha akaaga upesi, akatoka.

Alitembea hadi kwenye kona ya duka la dawa. Kila hatua alimwona Jirani ndani ya gari, gari limeingia shimoni, Jirani ameshika goti kwa mikono miwili. Alisimama. Mwenye duka alimuuliza kama anahitaji kitu, akasema hapana. Akageuka, akarudi akikimbia, moja kwa moja hadi karakana.

“Shikamoo, baba,” alisema huku akihema.

“Marahaba, mwanangu.” Seremala aliacha kupiga randa. “Umesahau kitu?”

“Mtandao wenu si mbovu.” Sauti ilimtetemeka. “Ni mimi. Nilikitoa kisanduku cha mtandao cha shule ukutani nikakificha kabatini. Nilitaka picha iwe nzuri. Kibanio kikakatika, nikaogopa kusema.”

Seremala alikung’uta takataka za mbao kwenye mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Kisha akatoa simu, akampigia mwalimu, akamkabidhi Kidole. “Mwambie mwenyewe.”

Kidole alirudia yote.

“Kabati gani?” mwalimu aliuliza.

“La vitabu, mwalimu.”

“Lile la chuma?”

“Ndiyo.”

“Haya. Usikiguse tena. Asubuhi nitamwita fundi, na wewe utakuwepo.”

Seremala akamwambia kuna mtu mwingine wa kuambiwa. Kidole akaingia sebuleni, akamwambia Jirani. Jirani aligeuza uso akatazama ukuta. Kidole alikwenda nyumbani akiwa mzito, ingawa lile fundo la siku tatu lilikuwa limelegea kifuani.

Ijumaa fundi wa mtandao alifika kabla ya kengele. Alikuwa mwanamke mfupi, amebeba ngazi ndefu kuliko yeye, na bisibisi mbili zimechomoza mfukoni. Alifungua kabati, akaondoa vitabu vya ramani, akacheka.

“Nani amemfunga huyu jela?”

“Mimi,” Kidole alisema huku akitazama viatu vyake.

“Njoo basi umtoe. Hebu kwanza nieleze, unajua huyu anafanya kazi gani?”

“Anatengeneza mtandao.”

“Hatengenezi hata kidogo. Mkikusanyika uwanjani asubuhi, mwalimu mkuu akisema jambo, walio nyuma kabisa wanasikia?”

“Hawasikii. Kiranja anasimama katikati anawarudishia.”

“Vizuri. Ofisini kuna mashine inayopokea mtandao kutoka nje. Hiyo ndiyo mwalimu mkuu wenu. Inausambaza hewani kwa mawimbi, lakini mpaka hapa kuna kuta sita, na kila ukuta unakula kidogo. Kwa hiyo tulivuta waya, tukaweka kiranja. Anaupokea mtandao kwa waya, na umeme wake pia unapita humohumo, kisha anautoa upya kwa mawimbi ili wa huku nao wausikie. Ndivyo mtandao unavyorefushwa. Sasa wewe kiranja umemfungia kabatini.”

“Lakini taa ilikuwa inawaka,” Kidole alisema.

“Taa inakuambia ana umeme na waya umeshika. Haikuambii nani anamsikia.” Fundi alimpa kishikwambi. “Kaa hapo mezani, nisomee mistari ya mtandao.”

Alifunga mlango wa kabati. “Mmoja,” Kidole alisoma. Akafungua. Wakasubiri kidogo. “Mitatu!” Akakitoa kisanduku nje kabisa, akakiinua juu ya kichwa chake. “Yote! Imejaa!”

“Umeona? Chuma kinayarudisha mawimbi yanapotaka kutoka. Kishikwambi kilipokosa kumsikia huyu wa karibu, kilikuwa kinahangaika kumsikia yule wa ofisini, kuta sita mbali. Ndiyo maana picha ilikatika.”

Wakatoka kwenye korido. Fundi alitazama pale kisanduku kilipokuwa, akanyoosha kidole. Chini yake tu, Ijumaa iliyopita jioni, shule ilikuwa imetundika ubao mpya wa matangazo, wa bati, mpana kama mlango.

“Na huyu ndiye aliyeanza kugandisha picha,” alisema. “Kama mtu angeniambia Jumatatu, ningekuja siku hiyohiyo.”

“Kwa hiyo kukisogeza darasani halikuwa wazo baya?” Kidole aliuliza kwa sauti ya chini.

“Lilikuwa zuri nusu. Karibu ni pazuri, ila pawe juu, peupe, mbali na chuma. Nusu ya pili ungeipata kwa kuuliza.”

Alifunga kibanio kipya ndani ya darasa, juu ya ubao. Kidole alizunguka kila kona na kishikwambi akisoma mistari kwa sauti, na fundi akageuza kisanduku mpaka kona zote nne zikasomeka sawa. Kengele ilipolia, wanafunzi waliingia wakakuta ngazi bado imesimama.

Kidole alibonyeza kitufe. Uso wa Jirani ukatokea, safi, bila hata mkwaruzo.

“Unanisikia?” Kidole aliuliza.

“Nakusikia. Bado nimekukasirikia.”

“Najua. Nisamehe.”

Jirani akavuta daftari. “Nitaangalia. Sehemu mmefikia ukurasa wa ngapi?”

Mchana ule mwalimu alimpa Kidole adhabu yake mbele ya darasa. Kila jioni, kwa wiki mbili, angeketi na Jirani na kumfundisha masomo ya siku tatu yaliyopotea, mpaka ayaelewe yote. Kidole aliipokea bila kunung’unika.

Alipofika kwa kina Jirani, safari ya kwa shangazi ilikuwa imefutwa, na seremala alikuwa ameshaanza kukifungua kitanda. Jirani alikaa kwenye kochi akitoa amri kama bosi. Kidole alishika mbao, seremala akakaza skrubu, na baada ya muda kitanda kilikuwa kimesimama chumbani, mahali pake pa zamani. Wakambeba Jirani taratibu, wakamlaza. Alijinyoosha, akafumba macho kwa raha.

Seremala aliketi sakafuni, akajifuta jasho.

“Mwanangu,” alimwambia Kidole, “kukosea, sote tunakosea. Mimi nimeshakata mbao fupi mara nyingi kuliko nywele zako. Wewe uliharibu kwa dakika kumi, na fundi ametengeneza asubuhi moja. Lakini kitanda hiki hakikuhamishwa na kibanio kilichokatika. Kilihamishwa na kunyamaza kwako. Nimepanda juu ya bati kutafuta kosa ambalo halikuwa nyumbani kwangu, kwa sababu aliyelijua hakusema. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Wanaoweza kutengeneza hawawezi kuanza mpaka wajue pa kuanzia.”

“Nimesikia, baba.”

“Na jana ulirudi,” seremala aliongeza. “Ungeweza kwenda zako, lakini ulirudi. Hilo nalo nimeliona.”

Alikusanya vifaa vyake akatoka. Kidole alisogeza kiti karibu na kitanda, akafungua daftari.

“Tuanze Jumanne?” aliuliza.

“Jumanne,” Jirani alisema, akamsogezea mto wa kuegemea. “Na usiende mbio.”