Mboga za Makasha ya Betri

Kila asubuhi msoma habari wa redio alisema, "Habari za asubuhi, msikilizaji." Na kila asubuhi Mzee Chaji alimjibu, "Nzuri, mwanangu. Za huko?" Hakuwa amerukwa na akili. Alijua redio haisikii. Lakini nyumba ilikuwa kimya tangu mkewe afariki, na salamu ni salamu.

Jina hilo alipewa na watu wa gereji. Kazi yake ilikuwa kununua betri mbovu za magari. Ukimuuliza hali, jibu lake lilikuwa moja tu: "Chaji ipo." Hata siku ya msiba wa mkewe alijibu hivyo hivyo, na watu wakageukia pembeni wafute machozi.

Kazi aliifanyia uani, nyuma ya jikoni. Alipasua betri kwa shoka. Maji yake makali aliyamwaga shimoni karibu na ukuta. Ndani alitoa risasi, yale madini mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri za magari. Aliyayeyusha katika sufuria kuukuu, akayamimina yakawa matofali madogo. Dalali alikuja kuyachukua. Yalikokwenda baada ya hapo Mzee Chaji hakujua, wala hakuuliza.

Kitu kimoja hakukitupa, nacho ni makasha ya plastiki. Aliyasuuza, akayajaza udongo wa uani, akapanda mboga. Mkewe ndiye aliyeanza mtindo huo. Mboga zilistawi, na mzee alimwekea mjukuu wake zote. Mjukuu huyo alikuwa msichana mdogo. Babu alimwita Mwenye Nyumba, kwa jinsi alivyopenda kuamrisha.

Zamani Mwenye Nyumba alikuja kila Jumamosi na mama yake. Alikalia betri moja nzima kama kiti, akamwamuru babu afumbe macho, afumbue, afumbe tena. Kisha akaanza kuumwa tumbo. Akakonda, akawa wa kulialia, na maneno aliyoyajua akaanza kuyasahau. Hospitali walimpima damu, wakakuta risasi.

Siku hiyo binti yake Mzee Chaji alikuja peke yake, na hakukaa. Alisema daktari amekataza mtoto asifike penye moshi ule wa kuyeyusha risasi.

"Baba, kazi hii ikiwa hapa, mtoto haji hapa."

Mzee alijibu kwa hasira kwamba moshi huo huo ndio uliomsomesha. Binti akaenda zake. Baadaye maneno yake mwenyewe yalimsuta mzee. Alitaka kupiga simu aombe radhi, lakini aliona aibu.

Badala yake akatuma mboga. Daktari alizungumzia moshi. Mboga hakuna aliyezitaja. Kila Jumamosi mzee alichuma, akafunga vizuri, akampa dereva mmoja wa gereji ampitishie binti. Binti alipiga simu fupi ya kushukuru. Alisema mtoto amezila zote. Mzee alifurahi, kisha akakosa wa kumsimulia.

Asubuhi moja mlango uligongwa. Alikuwa mwanamke mwenye buti nzito. Alijitambulisha kuwa mkaguzi wa kiwanda cha betri. Mzee Chaji akaona leo kimenuka, akataka kusema mwenye kazi amesafiri. Mkaguzi akacheka, akamwambia hakuja kumkamata. Alieleza kwamba kampuni ya magari inayonunua betri zao imeuliza risasi ya betri hizo inatoka wapi. Kiwanda kikambana dalali. Dalali alizungukazunguka, mwisho akamtaja yeye.

"Kumbe na mimi natengeneza magari?" mzee aliuliza.

"Umo, mzee wangu. Gari jipya likitoka, jasho lako limo ndani."

Mzee akavimba kichwa kidogo. Alimtembeza uani kwa fahari. Mkaguzi hakugusa kitu. Alitazama shimo, akatazama sufuria. Alipofika kwenye makasha alisimama.

"Mboga hizi anakula nani?"

"Mjukuu wangu. Haji hapa kwa sababu ya moshi, kwa hiyo namtumia."

Mkaguzi akasema taratibu:

"Mzee wangu, risasi haiishi kwa kusuuza. Imo kwenye makasha haya. Imo kwenye udongo, imo kwenye nguo zako. Vumbi lake hulioni wala hulinusi, lakini mboga inalibeba. Mtoto mdogo linamdhuru kuliko mimi na wewe. Linaingia kwenye damu, linafika hadi kwenye ubongo."

Mzee Chaji alitazama yale majani mabichi. Alikuwa ameyamwagilia asubuhi ile ile. Kisha akatoa simu.

"Mwanangu, mboga zangu umeshapika?"

"Ndiyo napakua, baba."

"Usimpe. Zimwage. Zina sumu ya betri. Ni mimi, mwanangu. Sikujua, lakini ni mimi."

Upande wa pili kijiko kiliwekwa mezani. Kisha sauti ya binti ikaja, ndogo.

"Baba, na wewe je? Chaji ipo?"

"Hakuna," alisema. "Iliisha kitambo."

Akalia mbele ya mgeni, na hakujificha.

Mkaguzi alimngoja. Mzee alipotulia, alimwambia mkaguzi basi kiwanda kiache kununua kwake. Mkaguzi akatikisa kichwa.

"Tukikukimbia, tutasema mikono yetu ni safi. Wewe utamuuzia mwingine, na sumu itabaki palepale. Nasi tumekosa. Tulinunua miaka yote bila kuuliza. Sasa tubadilishe namna."

Akamweleza. Betri isipasuliwe tena. Ikusanywe nzima, isimame wima, maji yake yakiwa ndani. Iliyovuja iwekwe kwenye chombo kigumu cha plastiki. Zote zikae kwenye banda lenye paa na sakafu ya saruji, mbali na makazi ya watu. Lori la kiwanda litazifuata huko, bila kupitia kwa dalali, na bei itamtosha. Kiwandani tanuri lina mitambo ya kuchuja moshi, na maji ya betri husafishwa.

Kazi ya kubadilisha haikuwa rahisi. Wafanyakazi wa kiwanda walikuja na barakoa, wakachota udongo wa uani, wakaupeleka panapotunzwa taka za sumu. Uani pakamwagwa zege. Nyumba ilipigwa deki kwa maji, kwa kuwa kufagia kukavu kunarusha vumbi. Makasha ya mboga nayo yaliondoka. Wakati huo mzee aliingia chumbani akafunga mlango, maana mbegu za kwanza zilipandwa na mkewe.

Naye alipimwa damu, akaanza matibabu. Siku hizi huvaa glovu na nguo za kazi bandani, huoga huko huko, na hurudi na nguo safi. Nyumba ilitakata, lakini ikazidi kuwa kimya. Hata sauti ya shoka haikuwepo. Jumamosi zilipita, na hakuwa na cha kutuma.

Siku moja binti alipiga simu. Mtoto alikuwa amepimwa tena, na risasi ilikuwa inashuka. Tumbo lilikuwa limeacha kumsumbua, ila daktari ataendelea kumfuatilia. Binti hakusema kama watakuja. Mzee naye aliogopa kuuliza.

Jumamosi iliyofuata redio ilikuwa inasema kama kawaida. Mlango ukasukumwa. Mwenye Nyumba aliingia, akakagua uani wote, akauliza kiti chake kiko wapi.

"Kimehamia kazini," alijibu babu.

Mtoto hakuridhika. Akamwamuru akae chini kwenye zege, afumbe macho. Mzee Chaji akakaa, akafumba. Binti alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Kisha akauvua, akauweka chini.

"Habari za asubuhi, msikilizaji," alisema msoma habari.

Siku hiyo hakujibiwa.