Vibandiko vya Bruce

Siku Bruce alipoingia katika agensi ya vifurushi, kwenye barabara kuu ya Bunia, wateja walijaa hadi mlangoni. Akawapita wote kwa mabega. Alivaa suti nzito ya kijivu, na shingoni alining'iniza kadi iliyoandikwa "Ingénieur", yaani mhandisi. Alikuwa fundi wa kompyuta tu. Kadi aliichapisha mwenyewe.

"Mwenye printa iko wapi?"

"Njo miye," alijibu Régine, karani wa kaunta, ndani ya kikwembe cha njano kilichomkaa vizuri kuliko ile suti. "Na mulongo iko kule nyuma, Bwana Ingénieur."

Bruce akacheka, na alipocheka, kwa bahati mbaya, alikuwa mzuri. Miezi mitatu baadaye alikuwa akimpigia simu mara nne kwa siku.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Weye hauna kazi?"

Régine alimpenda, basi. Hata wenye akili hupenda.

Jumatatu moja Bruce aliiletea kaunta mashine kuukuu kutoka Kampala. Kibodi yake ilipangwa kwa Kiingereza, naye akabandika juu yake vibandiko vya herufi za Kifaransa, akaipanga mashine kwa Kifaransa, akaondoka akipiga mluzi. Lakini kazi yote ya Régine ilikuwa ndani ya seva, kompyuta kuu iliyoko Goma, aliyoiingia kupitia mashine hiyo. Neno lake la siri lilikataliwa mara tatu, akaunti ikafungwa. Goma wakaifungua, Jumanne ikafungwa tena, wakaifungua tena. Jumatano Lionel, mkuu wa agensi, akamwambia kwamba ikifika Ijumaa hajaingia, kazi hana.

Régine akapiga simu, sauti ikisikika kaunta nzima.

"Bruce, mot de passe inakatala. Hakuna kitu ulibadirisha?"

"Miye? Vidole vyako njo vizito, Régine. Machine ni ya bantu benye balisoma."

Mteja mmoja akacheka. Régine akakata simu, akalia chooni, akanawa uso, akarudi.

Neno la siri huonyesha nukta tu. Kwa hiyo akalifuta jina lake lililohifadhiwa, akaliandika lile neno mahali pa jina, pale pa kuingilia seva, apate kuliona. Alibonyeza A, ikatoka Q. Kwenye mashine yenyewe A ilikuwa A. Ndani ya seva, iliyobaki kwa Kiingereza, vibandiko havikuwa na maana yoyote.

Ijumaa asubuhi akampigia tena.

"Kuya. Uandike weye mwenyewe."

Alikuja na suti yake, mbele ya wateja, yule aliyecheka akiwamo. Régine akamnong'oneza neno la siri. Aliandika mara ya kwanza, ikakataa. Ya pili, ikakataa. Jasho likamtoka.

"Vidole njo vizito?" Régine aliuliza, kisha akamwonyesha ile Q.

Hata mwanafunzi angekumbuka kuipanga lugha ya kibodi upande wa pili pia. Bruce akabandua vibandiko kwa kucha, kimoja kimoja, azione herufi za chini, akaingia kwa akaunti ya fundi, akaweka Kifaransa ndani ya seva, akavirudisha vibandiko. Régine akaandika, mlango ukafunguka.

"Sasa sema kosa ni ya nani."

"Chérie, bantu beko nasikia..."

"Njo bayo basikie."

Bruce akawageukia wateja. "Ni yangu. Régine hakukosa kitu. Nilimutukana bure. Unisamehe."

Yule mteja hakucheka safari hii. Régine alimtazama sana yule mpumbavu wake, akaona bado anamtaka.

"Dimanche, misa ikiisha, utakuya kwetu Bigo, useme ivyo ivyo mbele ya mama. Kisha tutaongea mambo ya dot, mahari yangu."

"Kweli, chérie?"

"Kweli. Na ile kadi uache kwenu."