Jike la Manjano

Jioni ile mke wangu Emmanuella alikuwa ameshakwenda mtaa wa Schuman kusafisha ofisi. Nilibaki nyumbani na Shekinah, binti yetu mchanga, na samaki wangu wawili wadogo wa Amazoni, jike na dume, ndani ya tangi lao la kioo lenye kifuu cha nazi cha kujifichia. Mke wangu husema nawapenda kupita kiasi.

Giza lilikuwa linaingia. Jike, aliyegeuka manjano mwili mzima tangu wiki iliyopita, alikuwa akimng'ata dume hadi mapezi yakachanika. Nikakasirika. Nikamvua jike kwa wavu, nikamtia kwenye ndoo, nikashuka kumrudishia maman Euphrasie, mjane wa ghorofa ya chini, aliyenipa jozi ile. Shekinah alikuwa amelala. Narudi sasa hivi, nikajiambia.

Maman Euphrasie hakuipokea ndoo.

"Papa Ghislain, huyu ameshazala. Akikuwa jaune vile, analinda batoto yake. Beko mu kifuu ya nazi."

"Bon... sikujua, maman."

Akanong'ona, "Na wako, ulimuacha na nani?"

"Analala."

"Analala na nani?"

Nikapanda ngazi mbio, maji yakinimwagikia viatuni.

Mlangoni nilisikia mwanamke akiimba ndani. Polepole... wimbo wa kubembeleza mtoto. Nikamshukuru Mungu.

"Manu, umerudi?" nikamwita mke wangu.

Wimbo ukakatika.

Chumba kilinuka matope. Sakafu ilikuwa imelowa kutoka kwenye tangi hadi kitanda cha Shekinah. Mtoto alikuwa macho, mzima, akiichekea kona ya chumba.

Konani hapakuwa na mtu.

Nilimrudisha jike majini. Vifaranga wake walikuwa wametoka kifuuni, wamejazana kwenye kioo, wote wakiielekea kona ileile. Jike akawazunguka, akatikisa mapezi kuwaita. Hakugeuka hata mmoja.

Simu ikalia.

"Chéri, métro inachelewa," alisema Emmanuella kutoka kituo cha treni. "Mutoto iko bien?"

"Iko bien," nikadanganya.

Asubuhi nilimuuliza maman Euphrasie ni nani aliyeingia kwangu. Aliniangalia kwa huruma.

"Ni ule mwenye alinilindia mutoto wangu."

Akafunga mlango. Miaka yote ya ujirani wetu, sijawahi kuona mtoto kwake.

Shekinah sasa analikataa titi la mama yake. Analia hadi sauti inakauka, na Emmanuella analia naye, akiniuliza nilimfanya nini mtoto.

Ananyonya pale tu tunapomgeuza aione kona ile.