Viatu Vilivyopungua Kidole Kimoja

"Kanyaga," mungu wa vita alisema.

Mume wangu akasukuma mguu. Kisigino kikabaki nje.

"Haviingii, Bwana."

"Sukuma."

"Nimesukuma. Labda unisaidie wewe mwenye nguvu."

Hakuna aliyecheka. Mungu wa vita alikuwa ameinama mlangoni mwa duka letu, maana kichwa chake kilifika darini, na misumari yote kwenye bakuli ilikuwa imegeuka kumwelekea. Wiki moja kabla alituma ujumbe kwenye simu: "Fundi viatu, zamu yako. Jumatatu saa nne asubuhi. Jishonee."

Sheria tuliijua wote: anayeitwa huenda vitani na viatu alivyopimiwa. Visipomwenea, hachukuliwi. Dukani kwetu mume wangu hupima na kushona, mimi hukata ngozi. Wiki hiyo alikuwa na jozi arobaini za wenzake walioitwa. Karatasi ya kipimo cha mguu wake niliipunguza upana wa kidole. Akashona bila kutazama.

"Basi wewe baki," mungu wa vita akasema.

Niligeukia meza nifiche furaha.

"Lakini viatu vya vita havibaki rafuni. Leteni mguu mwingine."

Nusu hiyo ya sheria sikuijua.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa kwenye kona akipaka viatu rangi. Akavua kandambili.

"Kaka ana miguu ya bata," alisema. "Nipisheni."

"Wewe hapana!" nilipiga kelele.

"Najaribu tu, shemeji. Kiatu hakiumi."

Vikaingia kama soksi.

Nikapiga magoti. "Bwana, nimekosa mimi! Nilivikata vidogo makusudi. Wewe si mungu? Ghairi!"

"Mama, mimi ni mungu wa vita," alisema taratibu, kama mtu aliyechoka. "Mungu wa kughairi hata mimi namtafuta."

Walipoondoka, mume wangu aliokota ile karatasi, akaikanyaga. Kidole gumba kikatokeza.

"Kwa nini?"

"Nakupenda."

"Ulipokata, ulifikiria mguu wa nani?"

"Wako tu."

"Ndiyo hiyo. Wangu tu."

Hakunifukuza. Alihamisha kigoda chake, akawa anashona akinipa mgongo.

Siku ya tisa ujumbe wake ukaingia kwenye simu yangu: "Shemeji, havibani hata kidogo. Wenzangu wana malengelenge, mimi natembea kama bwana harusi. Mwambie kaka aache kununa."

Nilimsomea mume wangu. Akachukua simu, akaandika mwenyewe kwa kidole chenye gundi:

"Rudi navyo."

Ndipo akanishika mkono, mara ya kwanza tangu siku ile. Tukakaa tunaitazama tiki moja pembeni mwa maneno hayo, ya kuonyesha ujumbe umetoka. Ya pili, ya kuonyesha umefika, mpaka leo haijatokea.