Jina Nililolitaja Robineni

Nilikwenda kuteka maji tu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa sabini, mtaani Buyenzi. Saa kumi za alfajiri, kabla ya adhana, kwa sababu ukichelewa robineni, kwenye bomba la mtaa, unakuta ndoo zimepangwa mpaka barabarani. Nyumbani nilimwacha mdogo wangu Waridi, mwenye homa, na mtoto wake wa siku thelathini na nane. Waridi alikuwa ameshazika watoto watatu, na hakuna aliyefika arobaini. Huyu wa nne tulimfanyia kama wazee walivyotufundisha. Tulimlaza jalalani, jirani yetu Namegabe akajifanya kumwokota, akaturudishia. Tukamwita Jalala, ili kifo kimwone takataka kipite zake. Jina lake la kweli halikutakiwa kutajwa kwa sauti kabla ya arobaini.

Zilibaki siku mbili.

Robineni hakuna aliyekuwa anateka. Wanawake wote walikuwa wameinua shingo kuelekea milima ya juu ya Gihosha. Nyota yenye mkia ilikuwa pale, nyeupe, mkia umenyooka juu kama moshi wa jiko la mbabula asubuhi isiyo na upepo. Ilikuwa siku ya nne tunaiona.

"Ile haina uzuri," Namegabe alinong'ona mbele yangu. "Kwetu Bukavu wanasema inakuyaga kutafuta mutu."

"Kwenu Bukavu hata panya akikohoa, anatafuta mutu."

Wawili watatu wakacheka. Ndivyo nilivyo, nikiogopa naongea.

Ndipo ikaja harufu... ya chuma cha moto kilichotiwa majini.

Nyuma yangu alisimama mwanamke aliyejifunika kanga mpaka puani. Kanga ilikuwa imelowa, inadondosha maji. Wote tulitazama juu. Yeye aliipa nyota mgongo, akanitazama mimi.

"Mutoto wa Waridi anaendelea?" akauliza polepole, kama jirani.

"Anaendelea, alhamdulillahi."

"Jalala si jina ya mutu. Mi najua mulimupa ingine, nzuri."

Nilipaswa kunyamaza. Lakini zilibaki siku mbili tu, furaha ilikuwa imenijaa, na jina lile nililichagua mimi.

"Huseni," nikasema.

Akashusha pumzi... ndefu... kama aliyetua mzigo.

Namegabe akageuka. "Dada, we unaongea na nani?"

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na matone chini, moja baada ya jingine, yakielekea nyumbani kwetu.

Nikaacha ndoo nikakimbia.

Waridi alikuwa amelala, mtoto ubavuni. Nikatia komeo. Nikasikiliza.

Tap... Tap... Chini ya dirisha.

"Huseni..."

Mtoto ambaye hajawahi kuitwa hivyo akafumbua macho. Akageuza kichwa dirishani, midomo ikaanza kufunguka. Nikamziba kwa kiganja.

"Nyamaza, Jalala. Nyamaza, baba."

"Huseni..."

Waridi aliamka. Hakutazama dirisha, alinitazama mimi, na akajua nani kalitaja. Wote wawili tulijua habari za waitaji wa namna ile: anayeitika ndiye anayekwenda. Akamsukuma mtoto mikononi mwangu.

Kwetu mwanamke akiitwa huitika "labeka", mwanamume "naam". Waridi hakuwahi kuitika vingine.

"Naam," akaitika. Sauti ndogo, ya mtoto wa kiume.

Nje pakawa kimya. Adhana ilipoanza, mkono wa mdogo wangu ulikuwa umeshapoa.

Muuguzi alisema ni homa ya uzazi. Labda. Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Nilimlilia Waridi huku najichukia, na jina lile sikulitamka tena, hata peke yangu.

Nyota ikaenda zake. Nimemlea mtoto miaka sita. Na wiki hii, juu ya milima ileile, imekuja nyota nyingine yenye mkia.

Leo asubuhi nilimpeleka chuoni akaanze Kurani. Mwalimu Radjabu aliuliza jina, nikasema Jalala. Akakunja uso, akaandika. Tulipokuwa tunarudi, mtoto akanivuta kanga.

"Mama mukubwa, juu ya nini umemudanganya mwalimu?"

"Nimemudanganya nini?"

"Mi si Jalala. Ule mama wa ku robine ananiitaga Huseni."

Nikachutama mbele yake, jua linawaka, watu wanapita na baiskeli zao.

"Na we," nikanong'ona, "unamuitikaga?"

"Apana. Mbele ya mi kuitika, kuna mama mwingine anaitikaga. Anasema naam."

Akafikiri kidogo, anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Lakini leo alichelewa."