Alipika ama Alipiga?

"Wewe ndiye Mogaka?"

"Ndiye. Nani anauliza?"

"Naitwa Vivian, mhariri. Uliacha mswada wako hapa ofisini kwetu Kericho. Hadithi ya Gesare."

Kikapu cha majani ya chai kilikuwa bado mgongoni. Nikakitua chini katikati ya mistari ya michai.

"Madam, mmesoma?"

"Sura tatu za kwanza, vile tunafanya kwa kila mtu. Kawaida hatupigi simu, mzee. Mtu akikaa miezi mitatu kama hajasikia kwetu, ajue hatukuchukua. Lakini yako imenikasirisha. Sisi hatuchapishi hadithi ya mwanaume anayejisifu kwa kupiga mke."

"Kupiga nani?"

"Si ni wewe umeandika? Ngoja nikusomee. 'Nilitoka shambani nimechoka, nikapiga. Gesare akalia. Akaniambia tangu azaliwe hakuna mwanaume amewahi kumfanyia hivyo. Kuanzia siku hiyo nikawa napiga kila jioni.'"

Nikasikia akipindua kurasa.

"Na hapa mbele, 'Majirani wakanicheka, wakasema mwanaume mzima anapiga kama mwanamke.' Hii ni nini, mzee?"

"Madam, mimi sijawahi..."

"Siku njema."

Akakata.

Sikuweza kuchuma tena. Nikatembea juu na chini kwenye hiyo mistari kama ng'ombe aliyekatiwa kamba. Wakubwa ni wale wale, nikajiambia. Wa kampuni walituletea mashine ya kukata majani, wakatuambia asante na kwaheri, ndiyo sasa nachuma kibarua kwa wakulima wadogo. Wa zahanati walimwangalia Gesare wangu akiwa amevimba miguu, wakasema arudi Jumatatu, daktari yuko kwa mkutano. Hiyo Jumatatu nilikuwa natafuta mbao za jeneza. Sasa hata wa vitabu wamenikalia.

Shule niliachia darasa la tano, lakini mke wangu alipoenda nilianza kuandika. Majina ya watu wengine nilitunga, mambo mengine nikaongeza chumvi, ila jina lake nikaliacha. Nilitaka lisimame mahali, kwa sababu kaburi lenyewe liko kwa shamba la mtu. Na kile kipande cha jioni ndicho nilikipenda kuliko vyote. Miguu ilipomkataa, nilipika. Nilipika! Alilia kwa sababu alipikiwa.

Lakini hao wa vitabu hawasomi mwandiko wa mkono. Lazima ichapwe, upande mmoja wa karatasi, mistari iachane. Ndiyo nikaenda kwa Chepchumba, mama wa duka la kuchapa na fotokopi karibu na steji ya Kericho. Mwandiko wangu hakuna anayeuelewa isipokuwa mimi, kwa hivyo nilisoma kwa sauti, naye akachapa huku akirudia kila neno kwa mdomo wake wa Kipsigis. Bwana yake alienda Nakuru zamani akasahau njia ya kurudi. Nilipomsomea mahali Gesare anakufa, alifunga mlango wa duka, wateja wakangoja nje. Mwisho mwisho nilikuwa nasoma polepole makusudi, hadithi isiishe.

Kisha akanivunja roho. Aliniandikia kwamba Jumapili baada ya kanisa atanipigia, nikae tayari. Nikapanda kilimani palipo na network, nikashinda hapo na simu mkononi kama mwendawazimu. Haikulia. Nikasema basi, na huyu pia amejifanya mkubwa.

Ndivyo nilivyoingia dukani kwake, na moto mara mbili.

Alikuwa anafunga kompyuta na shuka.

"Karibu, kastoma," akasema.

Kastoma! Mimi!

"Umeniua, Chepchumba."

"Nimekuua na bado unapiga kelele?"

"Umeandika nilimpiga Gesare!"

"Niliandika vile ulisoma. Ulisema nikabika, nikaandika nikabika."

Nikamwonyesha nakala yangu, ambayo hata mimi sikuwa nimeisoma tena. "Soma hapo."

Akainama. "Nikabika. Si ndiyo hiyo?"

"Hiyo ni G!"

"Bika, biga. Sasa tofauti iko wapi?"

"Moja ni sufuria, nyingine ni fimbo!"

Akatazama karatasi tena, safari hii kwa kidole. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Uso ukabadilika.

"Uwi," akasema polepole. Kisha akainua kichwa. "Na wewe mbona ulikuwa unasema 'kurara'? 'Gesare arirara'. Nani alikuwekea hizo L zote bila kukusumbua?"

Hapo ndipo ningecheka. Sikucheka. Nikasema neno ambalo lilikuwa limekaa kooni tangu asubuhi.

"Wale wa zahanati walimuua mara moja. Wewe umemuua mara ya pili."

Chepchumba akaketi.

"Umenipanga kwa laini moja na wao?"

Nikakunja nakala yangu.

"Kwako kila mtu ni meneja, Mogaka. Chifu, pasta, mhariri. Leo ni mimi. Sawa. Kesho ndugu yangu Kipkemoi anakuja na pikapu, narudi Sigor. Utapata mwingine wa kulaumu."

"Sigor kufanya nini?"

"Kukaa kwetu. Jibu lako niliona Jumapili."

"Jibu gani? Mimi ndiye nilingoja! Nilikaa kilimani mpaka jua likanichoma shingo!"

"Kilimani ulifuata nini? Mimi nilichinja jogoo. Nilimtoa Kipkemoi Sigor yote hiyo aje akuone. Tukakaa tukiangalia mlango mpaka ukali kwenye sufuria ikawa jiwe. Ndugu yangu akaniambia mwanaume akikataa chakula chako, usimtafute kwa simu."

"Lakini uliandika utanipigia!"

"Toa simu. Soma."

Nikatoa. Ujumbe ulikuwa hapo: Jumapili baada ya kanisa nitakupikia. Kaa tayari.

K ilisimama wima kama nguzo ya stima.

"Nilidhani..." nikaanza.

"Ulidhani nimekosea kama kawaida. Siku moja katika maisha yangu nimeweka K mahali pa K, na wewe ukaisoma G."

Nilitafuta mtu wa kulaumu. Nikafikiria kampuni ya simu, nikafikiria serikali. Nikabaki na mimi mwenyewe, nimesimama na kofia mkononi.

"Chepchumba..."

"Enda kwa huyo Vivian kwanza," akasema bila kuniangalia. "Gesare, mama wa watu, asiachwe hivyo."

Ofisi yao iko orofani, juu ya duka la dawa za ng'ombe. Vivian ni msichana tu, nusu ya umri wangu. Aliponiona alisimama nyuma ya meza kana kwamba nimekuja na rungu.

"Mzee, nilishakuambia."

"Sikia mwandiko wangu kwanza, kisha unifukuze."

Nikasoma kile kipande kutoka kwa daftari langu. Nikapika. Gesare akalia. Akasikiza, lakini macho hayakuniamini.

"Kila mtu akikataliwa anakuja na maelezo," akasema. "Nani alichapa?"

Muhuri wa duka la Chepchumba ulikuwa chini ya ukurasa wa mwisho, na namba yake. Vivian akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Halo, wewe ndiye ulichapa hadithi ya Gesare? Huyu mzee alisoma nikapika ama nikapiga?"

"Nikabika."

"Ipi hiyo?"

"Ile ya kubika!"

"Mama, sijakuelewa. Alifanya nini hasa?"

"Aliweka sufuria kwa moto, madam! Alisonga ukali! Mke wake alikuwa mgonjwa, akambikia, majirani wakamcheka. Kwani kwenu hawabiki?"

Vivian akaziba mdomo na kiganja. Kwanza ni kicheko. Kisha akavuta zile karatasi, akasoma upya midomo ikitembea, na kicheko kikaisha.

"Alilia kwa sababu alipikiwa," akasema.

"Ndiyo."

"Samahani, mzee. Nitasoma hii hii mpaka mwisho. Nikikutana na piga nitaangalia kama kuna sufuria karibu. Lakini tukiichukua itabidi ichapwe tena, na utafute mtu mwingine. Kuna kijana hapa chini, hakosei."

Siku zote mbele ya mtu wa meza nimesema ndiyo. Ndiyo meneja, ndiyo daktari, tutarudi Jumatatu.

"Hapana, madam."

"Hapana nini?"

"Ni yule yule. Akiweka G nitatoa, nikisema R ataweka L. Kama hiyo ni shida, nirudishie karatasi zangu."

"Unakataa kitabu kwa sababu ya mchapaji?"

"Chakula chake kilinipita Jumapili kwa ujinga wangu. Kikinipita tena kwa sababu ya kitabu, hicho kitabu kitanisaidia nini?"

"Mogaka," meza ikasema.

Tukaruka wote wawili. Simu ya Vivian ilikuwa hapo, wazi.

"Niko kwa laini bado."

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia. Hata watu wa fotokopi hapa wamesikia, wanacheka."

"Nilisema neno baya, lile la zahanati. Halikuwa lako."

Nikasikia mashine ya fotokopi ikivuta karatasi.

"Utaenda Sigor?" nikauliza.

"Kipkemoi ameshajaza mafuta."

"Mwambie mafuta ayageuze huku. Jumapili nitakupikia. Wewe na yeye."

"Utanibikia ama utanibigia?"

"Sufuria, Chepchumba. Sufuria!"

Walikuja. Chepchumba alishika kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, Kipkemoi alishika ukimya wake. Jitu kubwa, akaketi kwa kiti changu cha pekee akaniangalia nikisonga ugali wa wimbi, na mboga ya saga ikitokota na maziwa pembeni.

"Kwetu mwanaume habiki," akasema mwishowe.

"Na kwenu mnakula?"

"Kula tunakula."

"Basi ngoja."

Chepchumba akageuza uso ukutani, mabega yakicheka.

Nilikuwa nimeshika mwiko simu yangu ilipolia kwenye kabati. Jina la Vivian. Ikalia, ikalia.

"Mogaka, simu!"

"Acha."

"Ni wa kitabu!"

"Atapiga tena. Mimi napika."

Chepchumba hakunisikiza. Akaichukua, akatoka nayo mlangoni. Nilimsikia akisema ndiyo, ndiyo madam. Mwiko ukanisimama mkononi. Aliporudi macho yalikuwa yamejaa maji.

"Amemaliza kusoma jana usiku. Anasema hangeweza kungoja Jumatatu."

Hiyo Jumatatu ilinipiga kifuani. Nikaepua sufuria.

"Akasema nini tena?"

"Wamekupali."

"Wamefanya nini?"

"Wamekupali, Mogaka! Watatoa kitabu cha Gesare. Wamekupali!"

Akanishika mkono wenye unga mbele ya ndugu yake, na hakuuachilia. Nikamtazama Kipkemoi. Alikuwa ameshapakua mwenyewe bila kungoja mtu, anakula kichwa chini. Alisafisha sahani na kipande cha mwisho cha ugali, akalamba kidole, akaisukuma sahani upande wangu.

"Hata mimi nimekupali, shemeji," akasema. "Sasa ongeza mpoka."